Fight Night Champion: mchezo wa video unaojua bei ya ngumi, lakini si bei yote

Tarehe 30 Oktoba 1974, karibu saa kumi za usiku, George Foreman na Muhammad Ali walipanda ulingoni katika uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa. Foreman alikuwa na miaka 25. Alikuwa ameshinda mapambano 40 bila kupoteza hata moja, na 37 kati ya hayo aliyamaliza kwa KO. Ali alikuwa na miaka 32, na watu wengi wenye kujua ndondi waliogopa kwamba angeumizwa vibaya usiku ule. Katika raundi ya nane, aliyeanguka ni Foreman. Ngumi zake hazikuwa dhaifu hata kidogo. Shida ni kwamba alizimaliza mapema, na zilipohitajika zaidi hazikuwepo tena.

Zaidi ya miaka 36 baadaye, Machi 2011, kampuni ya EA Sports ilitoa mchezo wa video unaoitwa Fight Night Champion kwa PlayStation 3 na Xbox 360. Ndani yake wamo Ali na Foreman, na kijana yeyote mwenye maneti mkononi anaweza kuwarudisha ulingoni. Miaka mingi imepita tangu hapo, mashine mpya zimetoka, lakini mtu akiuliza ni mchezo gani wa ngumi unaostahili kuchezwa, jina hilo bado linatajwa kati ya ya kwanza.

Je, mchezo huu unastahili sifa hiyo? Jibu ni ndiyo, lakini kwa kipimo. Fight Night Champion una nguvu kila pahali unapomlazimisha mchezaji alipe bei ya ngumi anayotupa. Na una udhaifu kila pahali unapomfichia bei hiyo. Ukiuangalia kwa jicho hilo, mazuri yake na mabaya yake yanaeleweka kirahisi. Ni muhimu yaeleweke, kwa sababu kuna vijana ambao ulingo wa kwanza wanaouona maishani ni ule wa ndani ya televisheni.

Pumzi ndiyo mali

Katika michezo mingi ya video ya kupigana, anayebonyeza haraka zaidi ndiye anayeshinda. Mtoto anashika maneti, anabonyeza vitufe vyote bila mpango, na mara nyingine anamwangusha hata aliyezoea. Fight Night Champion haukubali jambo hilo.

Kila bondia ana kiasi cha pumzi, na mchezaji anakiona kwenye skrini. Kila ngumi inakula sehemu ya pumzi hiyo. Ngumi nzito inakula zaidi kuliko nyepesi, na ile inayopita hewani bila kugusa mtu inaumiza zaidi mfuko wa aliyeitupa kuliko mpinzani wake. Raundi ikiisha, bondia anakaa kwenye kona yake na anapumua, lakini hapati tena yote aliyopoteza. Mwenye kutumia ovyo katika raundi ya kwanza anaingia katika raundi ya tano akiwa maskini.

Kwa hiyo mchezaji mgeni hupitia njia moja karibu kila mara. Nusu dakika ya kwanza ni furaha tupu: ngumi zinatoka, mpinzani anarudi nyuma. Halafu mikono inakuwa mizito. Ngumi zinatoka polepole, na mpinzani aliyekuwa ametulia anaanza kujibu, moja moja, kwa hesabu. Dakika chache baadaye yule aliyekuwa anacheka amelala chini na mwamuzi anahesabu juu yake. Wazee walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mchezo huu unalionyesha neno hilo wazi kabisa.

Hapo ndipo nguvu yake ya kwanza ilipo. Unamfundisha mchezaji kuipenda jabu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele ambayo haina sifa kubwa lakini ndiyo inayojenga pambano. Unamfundisha kupiga mwili hata kama matokeo hayaonekani haraka, kwa sababu mbavu zinazopigwa leo ndizo zinazokata pumzi baadaye. Unamfundisha kungoja. Bondia anayekwepa na kujibu wakati mpinzani amejifungua anapata zawadi kubwa kuliko anayesukuma mbele kama gari lisilo na breki.

Tena, nguvu ya ngumi haiko sawasawa kila mara. Inategemea umbali, inategemea imefikia wapi, inategemea kama aliyepigwa alikuwa anakuja mbele au anarudi nyuma. Mtu mrefu mwenye mikono mirefu anaweza kumweka mwenzake mbali usiku mzima. Mike Tyson, ambaye kati ya mabondia wa uzito wa juu alikuwa mfupi, lazima aingie ndani, chini ya mikono ya mpinzani, ndipo awe hatari. Mchezaji anayemchagua Tyson na kusimama mbali anapoteza. Mabondia hawafanani kwa namna ya kupigana, na mchezaji analihisi jambo hilo vidoleni.

Mkono na maneti

Mfululizo wa Fight Night ulianza mwaka wa 2004, na tangu mwanzo ulitaka kuachana na mambo ya vitufe. Mchezaji alitakiwa kusukuma kijiti cha kulia cha maneti kusudi mkono wa bondia ufuate. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilikuwa gumu: kijiti kilizungushwa nusu duara kwa ngumi ya pembeni, na mara nyingi mchezaji alitaka ngumi moja ikatoka nyingine.

Fight Night Champion ulipunguza ugumu huo. Kijiti kinasukumwa mara moja tu upande fulani, na ngumi inatoka. Asiyependa kijiti anaweza kutumia vitufe. Kujikinga pia kumerahisishwa: mchezaji hahitaji tena kuchagua kila mara kama anakinga kichwa au tumbo.

Kuna wachezaji wa zamani ambao hawakufurahi. Kwao, ugumu wa kijiti ulikuwa sehemu ya ufundi, na kuurahisisha ni kuwafungulia mlango watu wasiojua kitu. Maneno yao yana ukweli kidogo. Kwa kasi hiyo mpya, mtu anaweza kurusha ngumi nne au tano zinazofuatana kwa wepesi ambao bondia wa kweli angeuonea wivu. Hata hivyo, faida ni kubwa kuliko hasara. Mchezo mzuri humwachia mchezaji nafasi ya kufikiri juu ya mpinzani. Akili yake ikibaki kwenye kidole gumba, hana muda wa kumsoma mtu aliye mbele yake. Na kwa kuwa pumzi ipo, anayerusha tano bila akili analipa tu.

Kwa upande wa macho na masikio, kazi ilifanywa vizuri. Uso unavimba, ngozi inapasuka juu ya jicho, damu inachafua mavazi. Watangazaji ni Joe Tessitore na Teddy Atlas, na huyu wa pili anajulikana katika ndondi za kweli kama mwalimu wa mabondia. Wanayoyasema hayako mbali na yanayoonekana. Shida ni kwamba baada ya mapambano mengi maneno yanajirudia, na aliyecheza miezi mingi anaweza kuyamalizia mwenyewe kabla hayajatamkwa.

Hadithi ya Andre Bishop

Jambo lililoutenga mchezo huu na ule uliotangulia, Fight Night Round 4 wa 2009, ni hadithi yake. Iliandikwa na Will Rokos, mmoja wa waandishi wa filamu ya Monster's Ball. Ndani yake kuna kijana bondia, Andre Bishop, mwenye kipaji na matumaini. Tajiri mmoja wa kupanga mapambano, D.L. McQueen, anamtaka awe wake. Bishop anapokataa, mambo yanageuka, na kijana anajikuta gerezani kwa kosa ambalo hakulifanya. Akitoka, umri umeenda, jina limechafuka, na lazima apande ngazi upya.

Wengine waliona hadithi hii kama filamu ya zamani iliyovaa nguo mpya. Ni kweli kwamba mtu aliyeona filamu za ndondi atakisia mengi kabla hayajafika. Lakini hadithi hii inagusa jambo ambalo michezo ya video ya spoti hulikwepa: katika ndondi, mwenye mkono si lazima awe mwenye mkataba. Kuna anayepigwa, na kuna anayehesabu pesa. Michezo ya mpira ya kampuni hiyohiyo inang'aa kama tangazo la biashara, kila mtu anatabasamu, kila uwanja umejaa. Hapa kampuni ilithubutu kuonyesha uchafu wa nyuma ya pazia.

Na hadithi haibaki katika maneno tu. Inaingia ndani ya mapambano. Gerezani watu wanapigana bila glavu. Katika pambano moja mkono wa kulia wa Bishop unaumia, na mchezaji lazima aendelee kwa mkono mmoja. Katika lingine majaji wako upande wa tajiri, kwa hiyo kushinda kwa pointi hakuna maana. Ni kuangusha tu. Mwishoni anakuja Isaac Frost, jitu ambalo huwezi kulikabili kwa njia moja. Mchezaji lazima avumilie na kukwepa kwanza, kisha apige mwili, na baadaye ndipo atafute kummaliza.

Mapambano hayo ndiyo sehemu bora ya mchezo mzima. Kila moja linamnyang'anya mchezaji kitu alichokizoea na kumwambia: sasa fikiri. Kasoro yake ni ufupi. Mwenye kujua mchezo anaimaliza hadithi nzima kwa siku moja au mbili, na hakuna sababu kubwa ya kuirudia.

Kwa sababu ya damu, lugha chafu na mambo ya gerezani, nchini Marekani mchezo ulipewa alama ya M, yaani kwa watu wa miaka 17 na kuendelea. Ulikuwa mchezo wa kwanza wa EA Sports kupewa alama hiyo. Wenye sale za michezo na wazazi wangefanya vizuri kuikumbuka. Mtoto wa miaka tisa anaweza kucheza raundi mbili za Ali na Frazier bila shida kubwa, lakini hadithi ya Bishop haikuandikwa kwa ajili yake.

Pale mchezo unapochosha

Baada ya hadithi, mchezaji anabaki na njia ya pili: kumuumba bondia wake mwenyewe na kumpeleka kutoka chini mpaka mkanda wa dunia. Hii ndiyo iliyopaswa kuwa moyo wa mchezo, kwa sababu ndiyo inayoweza kumshika mtu miezi mingi. Na hapa ndipo unapojikwaa.

Wazo la msingi si baya. Bondia anapata pointi na mchezaji anachagua kuimarisha ngumi gani au sehemu gani ya mwili. Kabla ya pambano kuna wiki za mazoezi, na lazima ugawe muda kati ya ufundi na afya ya mwili. Ukizidisha moja, nyingine inashuka. Mpaka hapo ni sawa na maisha ya bondia.

Lakini mazoezi yenyewe ni michezo midogo ileile: kupiga mfuko, kupiga glavu za kocha, kufuata maelekezo ya sparingi. Mara ya kwanza unajifunza. Mara ya kumi umezoea. Mara ya hamsini unataka kulala. Kati ya pambano na pambano kuna kurasa na kurasa za kuchagua, kalenda ya kusogeza, ujumbe wa kusoma. Mtu aliyekuja kupigana anatumia muda mwingi akiwa karani wa bondia wake.

Mtu anaweza kujibu kwamba mazoezi ya kweli pia yanachosha. Ni kweli, kuruka kamba kila asubuhi si sherehe. Tofauti ni kwamba katika jimu uchovu unajenga mwili, una kocha anayekutazama, una wenzako wanaokucheka na kukusukuma. Katika mchezo, uchovu huo haujengi kitu isipokuwa nambari kwenye skrini.

Kisha kuna wapinzani wanaoendeshwa na mashine. Mwanzoni wanaonekana wenye akili. Ukicheza muda mrefu unagundua kwamba wengi wanaingia katika mtego uleule: unarudi hatua moja, wanakufuata, unajibu. Mpinzani wa kweli akianguka mara mbili kwa mtego mmoja, anabadilika. Hawa hawabadiliki vya kutosha. Ndiyo maana ladha kamili ya mchezo inapatikana watu wawili wanapokaa mbele ya televisheni moja, kila mmoja na maneti yake, na wengine nyuma wanapiga kelele.

Jaribio la Kinshasa

Kuna jaribio moja ambalo mchezaji wa Congo hawezi kukosa kulifanya: kumchagua Ali, kumpa rafiki Foreman, na kutafuta kushinda kwa njia ya 1974.

Usiku ule Ali alifanya jambo ambalo hata watu wa kona yake walilipigia kelele. Badala ya kucheza mbali kwa miguu, aliegemea kamba, akafunika uso na mbavu, akamwacha Foreman apige. Kamba zilimsaidia kurudisha kichwa nyuma, mbali na ngumi. Alipopata nafasi, alijibu kwa ngumi za haraka usoni. Na muda wote alikuwa anamsemesha Foreman sikioni, anamuuliza kama hizo ndizo nguvu zake zote. Uwanjani watu wapatao 60 000 walikuwa wanaimba jina lake. Hewa ilikuwa nzito na yenye joto la Kinshasa. Foreman alipiga, akapiga, mpaka mikono ikakataa.

Ndani ya mchezo, nusu ya jambo hilo inawezekana. Unaweza kujikinga, unaweza kumwacha mwenzako amalize pumzi yake, unaweza kumjibu anapokuwa mzito. Rafiki mwenye hasira atafanya kosa la Foreman bila kulazimishwa, na atalipa. Hilo linathibitisha kwamba sheria ya pumzi iliwekwa vizuri. Mchezo usiokuwa na sheria hiyo usingeweza hata kuikaribia hadithi ya Kinshasa.

Lakini nusu ya pili haipo. Kamba za mchezo zinafanana na ukuta kuliko chombo cha kazi. Haziwi silaha kama zilivyokuwa kwa Ali. Joto halipo. Neno la sikioni halipo. Watu uwanjani wanapiga kelele, lakini kelele zao haziingii katika mapafu ya bondia. Na zaidi ya yote, hofu haipo. Ali alijua kwamba akikosea hesabu moja, Foreman angeweza kumvunja. Mwenye maneti anajua kwamba akikosea, ataanza upya.

Hili si kosa la wahandisi peke yao. Hakuna mashine inayoweza kuleta hofu ya kweli ndani ya nyumba. Lakini ni vizuri kulisema, kwa sababu kijana anaweza kumaliza pambano hilo akadhani kwamba ameelewa kilichotokea Kinshasa. Ameelewa sehemu ya hesabu. Ujasiri wenyewe hajaugusa.

Waliobaki nje

Orodha ya mabondia wa Fight Night Champion ni nzuri. Ali, Foreman, Frazier, Tyson, Holyfield, Lennox Lewis, Sugar Ray Leonard, Pacquiao: ni majina yanayotosha kumfanya mtu asahau chakula. Lakini orodha pia inazungumza kwa majina yasiyokuwamo.

Jina moja lingepaswa kuwauma watu wa Congo: Sumbu Kalambay. Alizaliwa Lubumbashi, akafanya kazi yake ya ndondi Italia. Mwaka wa 1987 alimshinda Mmarekani Iran Barkley na kuchukua mkanda wa WBA wa uzito wa kati. Mwaka wa 1988 alimshinda Mike McCallum wa Jamaika, ambaye mpaka siku hiyo hakuwa amepoteza pambano hata moja. Alikuwa bondia wa akili, wa jabu na hatua, aina ileile ya bondia ambayo mchezo huu unajidai kuiheshimu. Hayumo.

Kampuni za michezo huchagua majina yanayouza Marekani na Uingereza, na kila jina lina mkataba wake na bei yake. Hiyo ni biashara, na inaeleweka. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa Lubumbashi anajua kila pigo la bondia wa Las Vegas, na hajui kwamba bingwa wa dunia alitoka katika muji wake. Mchezo unamruhusu kumuumba bondia mpya, kumpa sura na jina. Basi afanye hivyo. Ni dawa ndogo, lakini ni dawa.

Waliobaki nje kabisa ni wanawake. Hakuna mwanamke hata mmoja wa kumchagua ulingoni. Mchezo ulitoka 2011. Mwaka mmoja baadaye, katika Olimpiki ya London ya 2012, wanawake walipigana ngumi kwa mara ya kwanza kugombea medali. Hapa kampuni ilikuwa nyuma ya wakati wake, na msichana aliyeshika maneti aliambiwa bila maneno kwamba ulingo si pahali pake.

Baada ya kengele

Kasoro kubwa zaidi inakuja baada ya pambano kwisha. Wakati wa raundi, Fight Night Champion unahesabu kila kitu: pumzi, jicho lililovimba, mbavu zilizochoka. Kengele ya mwisho ikilia, daftari linafungwa. Katika pambano linalofuata uso ni mzima, kichwa ni kizima, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Katika maisha ya kweli daftari halifungwi. Ali alitangaziwa ugonjwa wa Parkinson mwaka wa 1984, miaka mitatu baada ya pambano lake la mwisho, na aliishi nao mpaka kifo chake mwezi wa Juni 2016. Madaktari wanajua tangu zamani kwamba kichwa kinachopigwa mara nyingi hulipa baadaye, hata kama mtu hakuangushwa. Bondia anayejua kukinga hatafuti ushindi wa leo tu; anatafuta kuwatambua wajukuu wake kesho.

Mchezo uliothubutu kuzungumza juu ya majaji walionunuliwa na kijana aliyefungwa bure ungeweza kuthubutu hapa pia. Ungeweza kumfanya bondia aliyepigwa sana apoteze kitu kisichorudi: kasi kidogo, jicho, mwaka mmoja wa kazi. Ungeweza kumlazimisha mchezaji achague kati ya pambano moja zaidi na kustaafu mapema. Uchaguzi huo ungekuwa mzito kuliko KO zote za mchezo.

Hapa kuna jambo la maana kwa mashariki ya Congo. Mjini Goma, ndondi imewasaidia hata vijana waliotoka katika makundi yenye silaha kupata nidhamu na marafiki wapya. Makocha wa namna hiyo hufundisha kujikinga kabla ya kupiga. Kijana anayefika kwao akiwa amefundishwa na televisheni kwamba kichwa kinapona kila Jumamosi, anawapa kazi mara mbili.

Mpinzani aliyechelewa

EA Sports haikutoa mchezo mwingine wa ndondi kwa zaidi ya miaka kumi baada ya Fight Night Champion. Kampuni ilienda upande wa UFC, na wapenzi wa ngumi wakabaki na kanda ileile. Sehemu ya heshima ya mchezo huu inatokana na ukweli huo: mfalme asiye na mshindani hukaa muda mrefu kitini.

Mshindani alitoka Sheffield, Uingereza. Kampuni ndogo, Steel City Interactive, ilitengeneza Undisputed. Mwezi wa Januari 2023 iliutoa kwa kompyuta ukiwa bado haujakamilika, na tarehe 11 Oktoba 2024 ukatoka kamili kwa kompyuta, PlayStation 5 na Xbox mpya. Una mabondia zaidi ya 70, una wanawake, akiwemo Katie Taylor wa Ireland, na unaheshimu miguu: namna bondia anavyozunguka, anavyokata ulingo, anavyoingia na kutoka. Katika hayo umempita mzee wake.

Lakini wachezaji wengi walilalamika juu ya makosa ya programu, juu ya mapambano ya intaneti yanayokatika, na juu ya njia ya kazi ya bondia yenye kurasa nyingi na uhai kidogo. Mike Tyson hakuwemo ulipotoka. Na unahitaji mashine za bei kubwa ambazo nyumba nyingi hazina, wakati PlayStation 3 ya zamani bado inazunguka katika sale za mitaa. Kwa hiyo pambano kati ya hizo mbili halijaisha kwa KO. Ni pambano la pointi, na kwa ladha ya ngumi inayofika mwilini, yule wa 2011 bado anaongoza kadi za wengi.

Hukumu

Fight Night Champion ni mchezo mzuri wenye ukweli nusu. Ukweli wake ni wa ndani ya raundi: pumzi ni mali, haraka ni hasara, anayejua kungoja anamshinda mwenye nguvu. Hadithi ya Bishop inaongeza ukweli mwingine, kwamba ulingo una wenye mali wasiopigwa. Mtu anayetafuta mchezo wa kucheza na ndugu yake jioni, umeme ukiwepo, hatajuta.

Ukweli unaokosekana ni wa nje ya raundi: mabondia ambao biashara haikuwaona, wanawake walioachwa mlangoni, na kichwa kinacholipa miaka mingi baada ya makofi kunyamaza. Wenye kutengeneza michezo ijayo wanajua tayari namna ya kuhesabu pumzi. Sasa wajifunze kuhesabu na hayo. Kuna mabondia wapya wa kuwapa sababu: Ilunga Makabu, mtoto wa Kananga, alichukua mkanda wa WBC mjini Kinshasa tarehe 31 Januari 2020, na ndugu yake Martin Bakole alimwangusha Jared Anderson nchini Marekani mwezi wa Agosti 2024.

Mpaka hapo, mwenye kushika maneti aendelee kucheza, na mwenye kumtazama amwambie neno moja. Foreman alipoteza Kinshasa kwa sababu alidhani ngumi haina bei. Mchezo huu unamwonyesha kijana bei ya dakika tatu za raundi. Bei ya miaka thelathini lazima aambiwe na mtu.